Injini Iliyokatiwa Pateni

Tarehe 6 Januari

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeniumba mimi mkubwa na wewe mjanja. Sisi huku wazima. Wifi yako mgongo umepoa tangu apate beseni la miguu mirefu, hafui tena kwa kuinama. Binti yangu mkubwa amefaulu mtihani wa hesabu, hatujui amerithi kwa nani. Mdogo wake aling'oka jino akalimeza, tunasubiri. Mimi nipo na cherehani yangu, sare za shule zimenijaa mpaka kwenye kiti cha wageni.

Nakuandikia barua badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii inalala chini ya mto wa wifi yako, na hili ninalotaka kusema linamhusu.

Ni gari la Baba. Unajua tangu injini yake igande kutu limekaa tu uani. Fundi Kesho, huyu tunayemwita hivyo kwa sababu kila kazi yake iko tayari kesho, aliitoa ile injini zamani, na sasa inazuia mlango wa karakana yake usifungwe na upepo. Wifi yako amepata kazi ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni na ya zahanati, anataka uwanja wa kamba zake. Juzi akaniambia mbele ya watoto, "Gari hili miaka yote halili wala halinyi, lakini linachukua nafasi kuliko wewe." Akanipa siku. Mwisho wa mwezi wa sita litoke getini kwa nguvu zake, mtu wa nyumba hii akiwa kwenye usukani. Si Kesho, maana amesema fundi akilitoa, fundi atalirudisha. Likitoka hivyo, lina haki ya kurudi na kukaa. Likishindwa, anamwita mnunuzi wa vyuma aje na msumeno.

Mdogo wangu, gari lile ndilo lililotulisha. Baba alilifanya teksi tangu hatujaota meno. Siwezi kulitazama likikatwa vipande mbele ya mlango wangu.

Wewe ni mtunza stoo kwenye yadi ya injini zilizotumika. Mungu hakukuweka hapo bure. Nichagulie injini isiyo na makuu, mtu wa kipato changu aiweze. Na giaboksi iwe otomatiki, ile inayojibadilisha yenyewe. Goti langu la kushoto limeisha kwa kukanyaga cherehani.

Na utakuja lini? Tangu tumzike Baba ni miaka tisa.

Kaka yako

*

Tarehe 29 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai cha tarishi, lakini inasomeka. Mimi mzima, ila stoo yetu inavuja, nashinda nahamisha vichwa vya injini kama mtu mwenye kuku wengi. Mpe hongera binti. Huyo wa jino mwambie shangazi anamtumia salamu na asilitafute.

Goti gani, kaka? Cherehani unakanyaga kwa miguu miwili na msikitini unainuka kabla ya imamu.

Sasa nisikilize. Kwanza kuna injini ya aina ile ile ya zamani. Ipo moja mji mzima, na mwenye nayo anaiuza kama anauza figo yake. Iache. Pili kuna ya dizeli kutoka basi dogo. Ina nguvu, lakini nzito. Ukiiweka, gari la Baba litasujudu na halitainuka. Tatu ni ya petroli, silinda nne, kutoka gari la kusambazia mikate. Hii ndiyo naitaka. Imelala kwa urefu kama ile yetu, na inazungusha magurudumu ya nyuma kama yetu. Ziko za bei rahisi zaidi zinazolala kwa upande, za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Mtu akikushauri hizo, mpe maji ya kunywa na umsindikize. Hii ya mikate spea zake unazipata hata kwa muuza vitunguu. Nimefungua kifuniko cha oili: nyeusi lakini safi, hakuna utando mweupe wa maji. Silinda zote nne nimezipima, zina nguvu sawa.

Otomatiki sahau. Giaboksi ya otomatiki iliyotumika ni kama mchumba wa kwenye picha, tabia zake utazijua ameshaingia ndani. Hii injini ina giaboksi yake ya mkono, gia tano, wamekaa pamoja tangu kiwandani. Mume na mke usiwatenganishe.

Nipimie nafasi: urefu kutoka kwenye rejeta hadi ule ukuta wa mbele ya miguu ya dereva, upana, na kimo boneti ikiwa imefungwa. Wasalimie wote.

Mdogo wako

*

Tarehe 16 Februari

Mdogo wangu,

Salamu tele. Jino limepatikana, sitaeleza zaidi. Wifi yako ameigeuza nafasi ya injini kuwa kabati la sabuni. Nikafungua boneti kupima nikakuta vipande arobaini vimepangwa vizuri kuliko vitabu vyangu vya dini.

Mimi namba zinanichanganya, lakini kukata najua. Nimechukua karatasi ya kaki nikakata pateni ya nafasi yote: moja ya kulala chini, nyingine ya kusimama ubavuni. Nimezikunja kwenye bahasha kubwa. Weka juu ya injini kama unavyoweka kola shingoni.

Kuhusu otomatiki nimefikiri tena na bado naona ni bora. Mtu wa gia mkono wake mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye rungu la gia, mguu kwenye klachi. Akili yake itamkumbuka Mola saa ngapi? Nimemuuliza hata Kesho, akasema kesho atanijibu.

Hukunijibu swali langu la kuja.

Kaka yako

*

Tarehe 20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kukawia. Bahasha yako ilizuiwa posta, walitaka kujua karatasi kubwa hivyo ni ramani ya nini. Nikawaambia ni suruali. Wakaipitisha.

Nimeiingiza yadi. Wote wakaacha kazi. Tajiri mwenyewe akatoka ofisini na kijiti mdomoni: "Mama Stoo, unaishonea injini kanzu?" Nikamwambia, "Wewe unauza injini kwa kukadiria kwa macho, tajiri, ndiyo maana zinarudi." Nikailaza juu ya ile ya mikate. Kaka, imekaa kama kofia kwenye kichwa cha mwenyewe, haikuzidi wala haikupungua. Kijiti kilimdondoka. Sasa ananiomba nikuulize unachukua siku ngapi kukata pateni za malori.

Nimeifunga kwenye kreti pamoja na giaboksi yake ya mkono, klachi mpya, na mikono yake ya chuma ya kuikalisha ndani ya gari. Lori linapita kwenu katikati ya mwezi ujao. Hela ulizotuma zimetosha, usiniulize tena.

Na hayo ya kumkumbuka Mola, Baba aliendesha gia maisha yake yote na hakuna tasbihi iliyompita. Alisema mwenyewe kwamba alikufundisha vizuri mwaka ule nilipokuwa bwenini. Mguu haujasahau.

Hapa mvua.

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya mikono yako iliyochagua. Wifi yako anakusalimu, na safari hii amesema mwenyewe. Watoto wazima.

Injini imefika. Tuliiteremsha kwa winchi ya Kesho iliyofungwa kwenye mhimili wa paa la karakana, mimi nikisoma kila aya ninayoijua, Kesho akisoma maandishi ya kwenye kreti. Sabuni zikahamishwa. Injini ikashuka, ikashuka, ikakataa. Kesho akasema, "Fundi, imetokeza."

Nikasema haiwezekani, nimepima mara tatu. Akasema imetokeza inchi mbili, feni inakula rejeta. Tukaisukuma, tukaiinua, tukaitukana kidogo, Mungu atusamehe. Nikaanza kukushuku wewe, nisamehe na hilo. Wifi yako alikuwa amesimama pale na beseni la mashuka nyongani. Akauliza, "Umeacha nafasi ya mshono?"

Mdogo wangu, nilitafuta pa kuweka uso. Miaka thelathini mkono wangu haujawahi kukata karatasi bila kuacha inchi moja kila mwisho kwa ajili ya kushonea. Nimeikatia injini kama suruali ya mtoto anayekua. Wifi yako akacheka mpaka akaweka beseni chini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka wa harusi, na kusema kweli sikujutia sana.

Tumetengeneza hivi. Ile feni inayozungushwa na injini tumeitoa, maana ndiyo iliyokula nafasi. Rejeta tumeisogeza mbele, na feni ya umeme tumeifunga mbele yake. Boneti inafunga. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa ndefu, ikakatwa na kuchomewa upya kwa mchongaji vyuma, akaizungusha kwenye mashine yake mpaka ikaacha kutetemeka. Rungu la gia limetokea nyuma ya tundu la zamani, Kesho akatoboa sakafu upya. Sasa anayekaa kiti cha mbele inabidi awe mwembamba au ndugu wa dereva.

Alhamisi baada ya alasiri tukaiwasha. Ikakohoa, ikatema moshi, ikatulia, ikaanza kuimba. Jirani wa nyuma alitoka akasema amesikia gari la Baba. Nikaenda nyuma ya choo nikajifuta macho.

Wifi yako akakausha mikono akasema, "Haya, litoe." Nikamwambia injini iliyohama mji inahitaji kupumzika. Njia ya getini nayo ina matope. Na tairi za mbele sijaziamini.

Kila kitu kinakwenda vizuri sana.

Kaka yako

*

Tarehe 21 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma mara nne. Injini imeshuka, rejeta imesogea, propela imekatwa, boneti inafunga, jirani ametoka. Sijaona mahali gari limetembea.

Matope hayo yamekauka, huko kwenu ni kiangazi. Tairi za mbele nilimuuliza Kesho kwa simu, akasema ni mpya. Alinijibu siku hiyo hiyo, kwa hiyo najua ni kweli.

Zimebaki wiki tano. Gari lina nini?

Mdogo wako

*

Tarehe 4 Juni

Mdogo wangu,

Gari halina kitu. Mimi ndiye.

Sijui kuendesha.

Nimeliandika hilo na kalamu haikuvunjika, basi niendelee. Baba alinifundisha mara tatu mwaka ule. Mara ya kwanza nilizima injini mpaka betri ikafa. Mara ya pili nilitapika. Mara ya tatu nilikanyaga klachi nikidhani ni breki, na breki nikidhani sijui ni nini, nikaingia kwenye ukuta wa birika la kutawadhia msikitini. Namshukuru Mungu haikuwa wakati wa sala. Baba akashuka, akautazama ukuta, akanitazama, akasema, "Hili tutalinyamazia, mwanangu." Akawaambia watu breki zilikatika. Akaujenga ukuta kwa mikono yake, ufa ukabaki, na nyumbani akasema nimefuzu.

Nikakua nao uongo ule kama nguo ya kuazima, mwisho nikadhani ni yangu. Wifi yako nilipomchumbia nilimwambia mimi mtoto wa dereva, ningeshindwaje. Amewaambia ndugu zake wote. Ndiyo maana nilikung'ang'aniza otomatiki. Nilidhani ile nikikaa tu na kupiga bismillahi itatoka yenyewe. Goti langu zima kabisa.

Nimejaribu alfajiri moja watu wakiwa bado ndani. Liliruka kama chura, likafa. Kamba mbili za wifi yako zimekatika. Nimemwambia ni upepo. Hapo ndipo nilipojiona. Nimeswali miaka ishirini na mitano nikitawadha mbele ya ufa ule, na bado naongeza uongo mwingine juu yake.

Nikaenda kwa imamu kuungama. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tulijua. Baba yako aliniambia jioni ile ile, akaniomba tusikucheke." Miaka yote hiyo, mdogo wangu, hata mwadhini anajua.

Wifi yako pekee ndiye hajui. Mnunuzi wa vyuma ameshapita kulitazama, amelipigapiga ubavuni kama ng'ombe. Nishauri. Nifunge nini au nifungue nini?

Kaka yako asiyejua gia

*

Tarehe 13 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Nilicheka kwenye basi, kondakta akaniuliza kama nimepokea habari za mirathi. Nilipofika nyumbani nikaacha kucheka.

Na mimi nina langu. Unaniuliza kila barua nitakuja lini na mimi nakueleza habari za mvua. Miaka miwili ya mwisho, macho ya Baba yalipoingia ukungu, wewe ulikuwa umeshafungua duka lako mjini. Aliyekuwa akiendesha teksi ile ni mimi. Yeye alikaa pembeni akiwaambia abiria kuwa mimi ni mwanafunzi wake, wasiwe na hofu. Njia zote nilizijua, yeye alizijua kwa mashimo. Siku ya tatu ya msiba wazee wakakaa kwenye jamvi, wakakukabidhi wewe ufunguo, kwa kuwa wewe ndiye mwanamume. Ukaupokea kwa mikono miwili. Nikasema hongera. Nikapanda basi.

Miaka tisa nilijituliza kwa kusema, basi, walau amepewa anayejua kuendesha. Sasa unaniambia hivyo. Nimekasirika upya, kaka, na hasira hii ni nzuri kuliko ile ya zamani maana ina kichekesho ndani.

Nimeomba ruhusa ya siku kumi. Nafika tarehe ishirini na nne. Wifi usimwambie kitu, ila mwambie asimwite mtu na msumeno. Mimi pia ni mtu wa nyumba hiyo, kama hakuna aliyesahau.

Mdogo wako

*

Tarehe 6 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini umefika salama na stoo haijavuja. Sisi wazima. Binti yangu mkubwa anasema hataki tena kuwa mwalimu, anataka kuwa wewe.

Mtaa bado haujanyamaza. Jana kinyozi aliniacha na nusu kichwa ili amsimulie mteja jinsi ulivyolitoa gari kinyumenyume getini tarehe ishirini na nane, mkono mmoja, huku ukimwuliza wifi yako habari za sabuni. Nilikuwa nimekaa nyuma na sikuona kitu, nilifumba macho. Nilipoyafumbua tuko barabarani, na wifi yako ananitazama kwenye kile kioo kidogo. Nilijua amejua. Akasema tu, "Kumbe kamba zangu hazikukatwa na upepo." Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa gharika, nikapewa manyunyu.

Kwamba angekwambia umfundishe yeye, hilo sikulitegemea. Wala kwamba siku ya tatu angeshika klachi kama aliyezaliwa nayo. Anaendesha kama anavyofua, hamwachi mtu. Amesema gari halitoki tena uani isipokuwa kwenda kupeleka mashuka, na kamba zake amezihamishia juu ya paa la karakana ya Kesho, ambaye alijaribu kusema atafikiria kesho akakuta zimeshafungwa.

Sasa sikiliza nililolifanya.

Lile koti nililokushonea ulipokuwa huku, usilipige pasi kwanza. Litazame pindo la chini upande wa kushoto, litakuwa linavuta kidogo. Si kwamba nimekosea kukata. Nimeushonea humo ufunguo. Kwa mkono usingeupokea, ungenijibu kwa mzaha tukazungumza mambo mengine, nakujua. Ndiyo maana nilisema tukusindikize stendi kwa miguu, eti injini itaamsha majirani. Nilitaka uende nao. Nilipewa kisichokuwa changu nikakipokea kwa mikono miwili, umesema kweli. Nimeona nikirudishe kwa hiyo hiyo miwili, na sindano katikati.

Niliporudi nikaswali nikiwa mwepesi mno. Asubuhi wifi yako akatoka na mafurushi manne, akafungua mlango wa gari, akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Mdogo wangu, upo mmoja tu duniani. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Nikamweleza yote, kuanzia jamvi mpaka pindo. Kesho alikuwepo, akasema anaweza kuliwasha kwa kuunga nyaya. Wifi yako akamwambia gari la watu haliwashwi kiwizi. Akakaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje. Mimi nikasema nitakuandikia leo hii uutume kwa posta.

"Asiutume," akasema. "Posta walimzuilia karatasi. Mwambie aulete mwenyewe, na safari hii apige siku ishirini, bado hajanionyesha kupanda mlima."

Basi ujumbe ndio huo, na wewe unajua kutuma posta kinyume cha neno lake ni kazi ya mtu asiye na mke kama wangu. Kwa sasa mashuka nayapeleka mimi, kichwani, furushi baada ya furushi, mpaka nyumba ya wageni na kurudi. Watu wananiuliza njiani, "Fundi, vipi tena, gari limekufa?" Nawaambia gari zima kabisa, ila mwenyewe amesafiri.

Kaka yako